Mama Émérence, Aliyelipiwa na Ndugu

Padri wetu, wazee mliotoka Mpala na Kabalo, majirani wa Kamkolobondo, akina mama wa sokoni mliofunga meza zenu leo ili mumsindikize mwenzenu: poleni, na asanteni kwa kuja. Wasifu huu unasomwa na Urbain, mdogo wa marehemu. Ndani yake Urbain anatajwa kama mtu mwingine, kwa sababu ndivyo wasifu unavyoandikwa, na kwa sababu yamo mambo ambayo asingeweza kuyasoma kwa kusema "mimi". Karatasi mlizo nazo mkononi zilichapishwa jana na Huguette, binti mkubwa wa marehemu. Tutakwenda nazo pamoja hadi ukurasa wa tatu. Pale tutaachana nazo.

Mama Kalunga Émérence alizaliwa Mpala, kando ya ziwa, tarehe 3 Mei 1976, mtoto wa kwanza wa Papa Kalunga Aristide, katekista wa misioni, na Mama Philomène, mkulima wa mihogo. Baada yake mama yao alizaa watoto wawili ambao hawakufikisha mwaka, kisha mwaka 1981 akazaliwa Urbain. Émérence, mwenye miaka mitano, alimbeba mgongoni akakataa kumshusha. Alimbeba mpaka miguu ya mtoto ikaanza kuburuta chini, watu wa Mpala wakamtania kuwa amezaa kabla ya kuolewa. Yeye alijibu kuwa ndiyo, amezaa, na mtoto wake ni mzuri kuliko wao wote. Tangu hapo Urbain hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu wa tumbo moja, na hadi juzi Alhamisi alimwita hivyo.

Émérence alisoma shule ya msingi ya misioni ya Mpala kuanzia 1982 hadi 1988, kisha akaletwa hapa Kalemie kwa shangazi yake ili aendelee na sekondari, katika tawi la ukataji na ushonaji. Shati lake la kwanza la kiume alimshonea mdogo wake, kwa ajili ya Kipaimara cha mwaka 1992. Mkono mmoja wa shati ulitoka mrefu kuliko mwenzake kwa vidole vinne. Hakukuwa na muda wa kulifumua, basi akamwambia: "Ufunge mikono kwa kifua misa yote, mutu asione." Urbain akafunga mikono tangu wimbo wa kuingia hadi baraka ya mwisho, na Padri akasimama mbele ya waamini kuwaonyesha mtoto mwenye ibada ya kweli. Émérence alicheka mpaka akatolewa nje ya kanisa. Urbain alipokea sifa ile akanyamaza. Labda ndipo alipoanza kuzoea sifa zisizo zake.

Mwaka 1993 Papa Aristide alifariki. Nyumbani ikabaki minerval, ada ya shule, ya mtoto mmoja, na watoto wa kusomeshwa walikuwa wawili. Émérence alikuwa amemaliza mwaka wa nne wa sekondari, alikuwa wa pili darasani, na walimu walifika nyumbani kumwombea aendelee kusoma. Aliwapa viti, akawapa maji, akawaambia: "Asome huyu mutoto. Miye mikono yangu inajua kazi tayari." Hakuna aliyemlazimisha. Diploma ya serikali ambayo Urbain aliipata mwaka 2000, na kiti anachokikalia leo katika biro ya bandari akiandika magunia yanayoshuka kutoka Kigoma, vyote vilishonwa kwa sindano ya dada yake.

Émérence alianza kazi mwaka huo wa 1993 kwa cherehani ya kukodi, kwenye kibaraza kilicho karibu na gare, stesheni ya treni. Mwaka 2001 alinunua yake, na mwaka 2009 akanunua ya pili. Alishona sare za shule, kanzu za komunyo, mashati ya wafanyakazi wa reli. Akina mama wengi mliokaa hapa mmevaa blauzi za libaya zilizotoka mikononi mwake, na wachache, mnajijua, hamjamaliza kuzilipa. Msiogope. Hakuwa na daftari la wadeni. Alikuwa akisema mtu anayejua kuwa anadaiwa ameshaadhibiwa vya kutosha. Lakini kwa deni lake mwenyewe alikuwa mkali ajabu. Alipokopa nyuzi asubuhi, hakuweza kula mchana kabla ya kuzilipa.

Tarehe 10 Agosti 1996 alifunga ndoa na Papa Mbuyu Prospère, mtu wa Kabalo, mfanyakazi wa reli, mpole, mwenye kupenda mpira kupita kiasi. Walijaliwa Huguette mwaka 1998 na Glody mwaka 2003. Kisha, baada ya miaka mingi ya kungoja, mimba ya tatu. Papa Prospère hakumwona mtoto huyo. Alifariki kwa homa tarehe 19 Februari 2014, mkewe akiwa na mimba ya miezi mitano.

Sasa tumefika ukurasa wa tatu. Mstari wa pili kutoka juu Huguette ameandika hivi: "Mwaka 2014, mama alipozuiliwa hospitalini kwa kukosa pesa, mjomba wetu mpendwa Urbain alilipa gharama zote na kumwokoa." Huguette aliandika alichosikia kwa mama yake, na mama yake alikisema kwa moyo wote kwa miaka kumi. Mstari huo si kweli. Mwenye kalamu aufute. Tutangoja kidogo.

Asanteni. Mambo yalikwenda hivi.

Tarehe 5 Juni 2014 Mama Émérence alifanyiwa operesheni ya uzazi katika hospitali moja ambayo hatutaitaja. Mtoto wa kike alitoka mzima. Bili ilikuwa dola mia tatu na themanini, na mjane yule alikuwa na dola sitini. Kama wengi wenu mnavyojua, kwa kuwa yamewapata, asiyelipa hapewi bon, karatasi ya ruhusa ya kutoka, na asiye na bon hapiti getini. Alitolewa kitandani akawekwa kwenye chumba cha nyuma pamoja na mama wengine waliojifungua na kubaki, kila mmoja na mkeka wake. Na kila siku aliyolala pale iliongezwa juu ya bili. Alikaa siku arobaini na saba. Jeraha lilipona, maziwa yakapungua, cherehani zikakaa kimya, Huguette akaacha kwenda shule ili ampikie Glody.

Urbain alizunguka kutafuta. Aliomba mkopo kazini, akaambiwa angoje. Aliuliza kwa marafiki, wakamhesabia shida zao. Aliona haya kufika mikono mitupu, na haya ile ikamfanya ajifiche siku tisa nzima bila kumpelekea dada yake hata sahani ya bugali. Siku ya kumi, Jumanne tarehe 22 Julai, alikwenda. Alikuwa na dola ishirini mfukoni na maneno aliyoyapanga njiani: Yaya, nimeshindwa, unisamehe.

Asubuhi ileile, kabla hajafika, walikuwa wamepita watu wa chama kinachoitwa Ndugu wa Njiani. Ni chama cha Wakristo wa Lubumbashi na wengine walioko ng'ambo, wanaochanga pesa na kuingia hospitalini kulipa madeni ya wagonjwa waliozuiliwa. Hawaulizi dini wala kabila, wala hawadai kurudishiwa. Walisoma majina ishirini na sita, wakalipa yote, wakaenda zao. Watu huku wanawaita kwa kifupi tu, Bandugu.

Urbain aliingia getini wakati mlinzi, Papa Gauthier, akiita majina kwenye mlango wa chumba cha nyuma. "Mama Émérence! Funga vyombo. Bandugu bamekulipia. Uko huru."

Émérence hakuwa amewahi kusikia habari za chama hicho. Alisikia neno analolijua. "Ndugu? Miye niko na ndugu moja tu kwa hii dunia!" Akainua macho, na ndugu huyo mmoja akawa amesimama mlangoni. Alimkimbilia na mtoto mkononi, akamwangukia shingoni mbele ya wanawake wote. "Njo huyu! Mutazame! Njo mudogo yangu! Nilimubeba kwa mugongo, leo yeye ananibeba!" Wanawake wakapiga vigelegele. Papa Gauthier, aliyedhani ni furaha ya kawaida ya kutoka, akampa Urbain mkono.

Palihitajika sentensi moja. Si miye, Yaya, ni watu wa chama. Mtoto wa chekechea angeweza kuisema. Urbain aliitafuta mdomoni akaipata, lakini vigelegele vilikuwa vitamu, na aibu ya zile siku tisa ilikuwa chungu, akasema: "Twende nyumbani, Yaya." Hakusema uongo siku ile. Alinyamaza tu. Uongo ulikuja baadaye, alipoulizwa pesa alizitoa wapi, akajibu kuwa alihangaika. Neno hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliendelea kumtumikia.

Wenyeji wa Kabalo wanajua kuwa mtoto anayezaliwa baada ya baba kufariki hupewa jina la baba, ili jina lisiingie kaburini. Mtoto huyu alikuwa aitwe Prospérine. Mama yake akamwita Urbaine. Ukoo wa mume ulikasirika, wakamsema mama huyu kuwa amemsahau mumewe mapema. Hakumsahau. Wazee wa Kabalo, lawama ile mliiweka pasipo pake, na mtu aliyeistahili alikaa sebuleni siku ya kumpa mtoto jina akila nyama ya sherehe.

Baada ya hapo Émérence alianza kulipa. Kila mwisho wa mwezi alifika kwa mdogo wake na ndagala zilizokaushwa vizuri, au samaki wakubwa wa ziwani, mikebuka, waliofungwa kwenye majani. Alishona sare za watoto wanne wa Urbain kwa miaka tisa, hakupokea hata bei ya kitambaa. Urbain alipomkataza, kwa sauti ndogo, alijibu: "Dawa ya deni njo kulipa." Mwaka 2017 upepo ulipong'oa mabati ya nyumba ya Urbain, Émérence aliuza cherehani ya pili akaleta pesa mkononi, zimefungwa kwenye ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga. Siku ile Urbain alimweleza mkewe Gisèle ukweli, akitumaini kufarijiwa. Gisèle aliweka kijiko chini. "Weye unakula samaki ya deni ya watu wengine. Rudisha ile makuta, umuambie leo." Urbain aliahidi Krismasi. Kisha Pasaka. Halafu Krismasi nyingine, na mabati mapya yakapata kutu juu ya kichwa chake. Waliolipa hawakuomba hata asante, na aliyepokea asante hakulipa hata faranga.

Ni haki kusema pia kwamba deni lile lilipofutwa, maisha ya nyumba hii yalifunguka. Huguette alirudi shuleni mwezi wa Septemba uleule, na leo ni mwalimu. Glody amejifunza umekanika. Mama waliotoka naye chumba cha nyuma walikuwa wakikutana naye sokoni wakikumbatiana na kuchekeana matumbo yao yenye alama. Wale wengine ishirini na watano walijua aliyewalipia ni nani. Wao waliposema Bandugu, yeye alisikia ndugu yake. Walipougua tena hawakuogopa geti, walijua kuna mlango wa kugonga. Ni mmoja tu aliyetoka pale akiwa bado na deni, na mwenye kumdai alikuwa mdogo wake.

Mwaka 2021 Mama Émérence aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari. Alipunguza chai, akaendelea na kazi. Mwezi wa Oktoba 2023 alikanyaga sindano ya cherehani iliyoanguka chini ya meza yake, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi, hakuisikia hadi jioni alipoona damu kwenye ndala. Kidonda hakikupona. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa kitambaa safi, akakificha kwa kikwembe kirefu. Mwezi wa Desemba harufu ilianza, na Urbain akamwambia aende hospitali.

Jibu lake lilikuwa hili, na Urbain analisikia kila anapofumba macho: "Nikienda kule, bataniuliza makuta, na miye nitakuita tena weye. Ulisha kuumia mara moja juu yangu. Inatosha, mudogo."

Jumapili tarehe 21 Januari mwaka huu, baada ya misa, lilitolewa tangazo kanisani kwamba Bandugu wamerudi Kalemie. Mara hii hawakulipia waliozuiliwa peke yao. Waliwatafuta pia wagonjwa wanaokaa nyumbani kwa kuogopa bili. Mwenye mgonjwa aandikishe jina kwa Mama Olga, mwandishi wao, kwenye ofisi ya parokia. Émérence hakuwapo, mguu ulikuwa umeshamzuia kutembea. Urbain alikuwapo, benchi la nne. Jumatatu alikwenda hadi mlango wa ofisi. Mama Olga alikuwa na kitabu kikubwa, na kabla ya kuandika jina jipya alifungua kurasa za zamani kuona kama mgonjwa alishasaidiwa. Urbain alisimama akaona kidole chake kikishuka kwenye majina ya miaka iliyopita. Akakumbuka jina gani limo humo. Akasema amesahau kitu, atarudi.

Hakurudi kwa wiki saba. Kila siku kulikuwa na sababu, na zote zilikuwa jina moja, aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Émérence hakuwa mficha maradhi, alikuwa mwenye kuwahurumia wengine. Aliyeficha ni Urbain, na kilio hiki kimemuumbua yeye.

Jumatatu tarehe 11 Machi Mama Émérence alianguka nyumbani. Huguette alimpeleka hospitali kwa pikipiki, akiwa amemshika kiunoni. Daktari alisema sumu imeshaingia kwenye damu, na kwamba miezi miwili nyuma pengine wangekata vidole viwili na kumrudisha kwenye cherehani yake. Jumatano mchana Mama Olga alipita vitandani na kitabu chake. Huguette alikuwa ametoka kutafuta dawa. Kando ya kitanda alikuwapo Urbain peke yake.

Mama Olga aliuliza jina, akafungua kurasa, uso ukamng'aa. "Mama! Jina yako iko humu tangu zamani. Mwaka wa 2014, operesheni ya uzazi. Siye njo tulikulipia! Sababu gani haukurudi kwetu?"

Émérence alimtazama. Kisha akamtazama mdogo wake, muda mrefu, na Urbain akatazama sakafu. Alingoja matusi. Angeyapokea kwa furaha. Mama Olga alipokwenda kitanda kingine, Émérence alimwita kwa mkono asogee, akasema polepole, kwa kuwa pumzi ilikuwa imepungua:

"Ungeniambia tu, mudogo yangu. Ningeenda siku ya kwanza."

Aliomba maji. Usiku aliuliza kama Urbaine amekula. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, Huguette akimshika mkono wa kuume. Mkono wa kushoto Urbain hakuthubutu kuushika.

Huguette, mwanangu, haya ulikuwa huyajui hadi sasa hivi. Jana usiku wazee wawili wa familia walimshauri mjomba wako anyamaze, wakasema maneno ya nyumba yabaki nyumbani. Alikuwa ameshanyamaza miaka kumi, na mmeona kilichotokana na hicho kimya. Pesa ya cherehani iliyouzwa ipo ndani ya bahasha kwa Padri. Haitoshi, na Urbain anajua kuwa haitoshi.

Mama Olga yuko hapa, amekaa nyuma kwenye kiti cha buluu, na kitabu amekileta kwa sababu aliombwa akilete. Yeyote mwenye mgonjwa anayefichwa nyumbani kwa hofu ya bili, asisubiri tufike makaburini. Ainuke sasa aende amwandikishe. Familia haitamwona mtu huyo kuwa amekosa heshima.

Mama Kalunga Émérence anaacha mama yake mzazi, Mama Philomène. Watoto wake watatu, Huguette, Glody na Urbaine. Mkwe wake Anatole na mjukuu mmoja, Précieuse. Wifi yake Gisèle na watoto wanne aliowavisha. Ukoo wa Mbuyu wa Kabalo. Na wateja wengi. Anaacha pia mdogo wake, Urbain. Jina hili limewekwa la mwisho, ili watakaoona vema kulifuta waweze kulifuta bila kuharibu mengine.

Mama Émérence, pumzika kwa amani. Hudaiwi na mtu. Hukuwahi kudaiwa.